“Ni Kweli, Lakini…”: Unaposhtakiwa kwa Kosa la Jinai

Simu za namna hii hupigwa usiku. “Kaka, wamemchukua mdogo wangu.” Wamempeleka wapi? “Kituoni. Kosa hatulijui, ila jirani anasema kesho wanamfunga.”

Nimezipokea nyingi katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria. Mimi si wakili. Ni yule anayekaa na familia kwenye benchi nje ya mahakama, anawaeleza kinachoendelea ndani. Na karibu kila mara naanza na jambo lile lile: kukamatwa si kushtakiwa, na kushtakiwa si kufungwa. Ni vituo vitatu vya barabara moja, na katikati kuna milango ya kutokea. Shida ni kwamba wengi tunaijua barabara hii kwa kusikia tu: kwenye filamu za Marekani, kwenye video za mahakama za Kenya zinazozunguka WhatsApp, na kwa yule wa kijiweni aliyelala mahabusu siku mbili akatoka mwanasheria.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu na Sheria yake ya Mwenendo wa Jinai, zote za mwaka 2018. Mengi yanafanana na ya huku, si yote.

Maneno kwanza

Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa, bado yuko mikononi mwa polisi. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu anakuwa mshtakiwa. Akikosa dhamana anapelekwa rumande, na huko anaitwa mahabusu. Mfungwa ni aliyetiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo. Mahabusu na mfungwa wanaweza kulala ndani ya ukuta mmoja, lakini mbele ya sheria ni watu wawili tofauti kabisa. Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kwamba analo.

Halafu kuna neno Jamhuri. Ukimpiga jirani ngumi akaenda kituoni, kesi haiwi yake. Yeye anageuka kuwa shahidi; mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeisimamia ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye watu wamemzoea kwa jina la DPP. Ndiyo maana familia zikija zikiniambia “tumeshayamaliza nyumbani, mlalamikaji amesamehe,” inanibidi niwavunje moyo kidogo. Kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuhimiza mpatane na shauri likaishia hapo. Kwa wizi wa kutumia silaha au ubakaji, msamaha wa mlalamikaji hauiondoi kesi. Na anayezunguka na bahasha kumwomba shahidi asifike mahakamani anajitengenezea kesi nyingine.

Gunia ni la Jamhuri

Ukibaki na kitu kimoja tu kutoka humu, kiwe hiki: mzigo wa kuthibitisha kosa anao anayeshtaki. Mfikirie mchukuzi aliyeambiwa apandishe gunia la mchele ghorofa ya nne. Hulazimiki kumsukuma arudi chini, wala kuonyesha gunia lako kubwa kuliko lake. Inatosha kuonyesha kwamba gunia lake limetoboka na mchele umemwagikia ngazini.

Kipimo chenyewe ni kuthibitisha “pasipo kuacha shaka”. Katika kesi ya madai, tuseme ya deni, hakimu anapima kama muuza duka: upande uliozidi kidogo unashinda. Kwenye jinai kuzidi kidogo hakutoshi. Wali unaweza kuwa mzuri, nazi imekolea, lakini ukiuma jiwe unaacha kutafuna. Shaka ya maana ndiyo hilo jiwe. Lakini liwe jiwe kweli. Ukisema “labda kuna mtu ananifanana” bila chochote cha kulishikia, hakimu ataendelea kula.

Nitamtumia kijana mmoja tuelewane. Dereva wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, alinunua simu ya mkononi kwa mtu aliyekuwa akimfahamu kwa sura pale kijiweni. Alilipa kwa simu, shilingi 150,000. Wiki tatu baadaye akakamatwa: simu ilikuwa imeibwa. Shtaka lake likawa kupokea mali ya wizi. Dada yake ndiye aliyenipigia.

Kituoni

Askari anayekukamata anapaswa kukuambia kosa unalokamatiwa. Muulize kwa sauti ya kawaida, usisukumane naye. Hata kama ukamataji una kasoro, kasoro hiyo hupigiwa kelele mahakamani na si barabarani, na kumzuia askari kufanya kazi ni kosa linalosimama peke yake. Akija kupekua, kwa kawaida awe na hati ya upekuzi. Yapo mazingira ya dharura ambapo sheria inamruhusu kupekua bila hati, kwa hiyo usikimbilie kusema kila upekuzi usio na karatasi ni batili. Unachopaswa kukidai ni stakabadhi ya kila kilichochukuliwa. Soma kilichoandikwa kabla ya kusaini. Simu moja isiwe simu mbili.

Sasa lile la filamu. Watu wanaamini askari asipokusomea haki zako, kesi imekufa. Haifi. Kinachoweza kufa ni maelezo yako. Kabla ya kukuhoji kama mtuhumiwa, polisi anapaswa kukuonya kwamba, ukiacha jina na anwani yako, hulazimiki kujibu lolote, na kwamba utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kinachoandikwa baada ya hapo ndiyo yale maelezo ya onyo unayoyasikia kwenye taarifa za habari. Sheria imeweka na muda: saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na nyongeza ikihitajika ina utaratibu wake. Mahakama ya Rufani imewahi kuyatupa nje maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali.

Karatasi hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kukiri mbele ya polisi kunapokelewa mahakamani Tanzania, mradi Jamhuri ionyeshe kwamba mtu alikiri kwa hiari yake. Mshtakiwa akidai alipigwa au alitishwa, shauri husimama kwanza, ikaendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa kuamua kama maelezo yapokelewe au la. Waliofuatilia kesi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu mwaka 2021 watakumbuka jinsi kesi ndogo ilivyochukua siku nyingi za mawakili na mashahidi, na yote ni kwa ajili ya maelezo ya mshtakiwa mmoja.

Kijana wetu alihojiwa, mpelelezi akaandika kwa mkono, akamgeuzia karatasi asaini. Alikuwa na njaa, usingizi unamkaba, anataka kwenda nyumbani. Lakini dada yake alikuwa amemwambia jambo moja tu kupitia dirishani: usisaini usichosoma. Akasoma. Mstari wa sita ulisema, “Nilijua simu hiyo ni ya wizi.” Yeye alikuwa amesema sikujua. Sijui kama kalamu iliteleza au vipi, na sitamhukumu mtu. Akaomba irekebishwe, ikakatwa, ikaandikwa upya juu yake, akaweka sahihi pembeni ya marekebisho. Nilijua, sikujua. Kwenye Kiswahili tofauti ni silabi mbili za mwanzo. Kwenye kosa la kupokea mali ya wizi, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe, kwa sababu Jamhuri inapaswa kuthibitisha kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa mali ni ya wizi.

Kama husomi vizuri, dai usomewe. Unaweza pia kuomba kuyaandika mwenyewe. Na kukaa kimya mbele ya polisi si kiburi, ni haki. Tutaona baadaye kwamba kimya cha mahakamani kina bei nyingine.

Je, saa 24? Watu husema zikipita, “kesi imeisha.” Hapana. Kwa makosa ya kawaida, mtu asiyeweza kufikishwa mahakamani ndani ya muda huo anapaswa kupewa dhamana ya polisi, na dhamana hiyo haina malipo. Makosa mazito yana upana wake, ingawa hata hapo mtu anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo. Akishikiliwa isivyo halali, dawa ni kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kwamba aletwe na sababu za kumshikilia zielezwe. Kesi yenyewe haifutiki kwa saa kupita.

Dhamana si ushindi

Dhamana ni ahadi ya kurudi, basi. Aliyepewa hajashinda, aliyenyimwa hajashindwa. Mahakama kwa kawaida hutaka wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho, kila mmoja akisaini bondi ya kiasi fulani. Ukisikia “bondi ya milioni mbili” usianze kuuza kiwanja. Mara nyingi ni maandishi tu. Mdhamini anadaiwa fedha hizo mshtakiwa akitoroka. Pale panapotakiwa fedha taslimu au hati ya mali, hakimu husema hivyo waziwazi, na kesi za fedha au mali za thamani kubwa zina sharti la kuweka sehemu ya thamani hiyo. Ukitoa fedha mahakamani, upewe risiti ya Serikali. Anayekwambia “hii haina risiti” anakueleza mwenyewe ni fedha gani.

Hapa ndipo video za Kenya zinapotuchanganya. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, kwa hiyo utamwona hata mshtakiwa wa mauaji anarudi nyumbani. Kwetu sheria imeyataja makosa ambayo mahakama haiwezi kuyatolea dhamana: mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine kadhaa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, kifungu kikabaki. Maoni yangu, kama yana thamani yoyote, ni kwamba hiki ndicho kifungu kimoja chenye nguvu kuliko hukumu nyingi, kwa sababu aina ya shtaka pekee ndiyo inayoamua mtu alale wapi kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekuwa na shtaka la utakatishaji fedha kati ya mashtaka yake, alikaa ndani kuanzia Julai 2019 hadi Februari 2020, akatoka kwa makubaliano ya kukiri kosa, njia iliyoingizwa katika sheria zetu mwaka 2019. Makubaliano hayo ni halali, na yapo yanayomfaa mshtakiwa. Ila usiyaingie bila mtu wa sheria pembeni yako: unachosaini ni hatia.

Neno fupi kuliko yote

Kizimbani, karani au mwendesha mashtaka anasoma shtaka, kisha hakimu anauliza: ni kweli au si kweli? Swali hilo linakuja haraka, kwa sauti ya kila siku, na mtu aliyelala chini usiku kucha hujibu kama anayeulizwa habari za nyumbani.

Kijana wetu alijibu hivi: “Ni kweli, Mheshimiwa, simu nilikuwa nayo, lakini…” Mimi nimekaa nyuma, nikafumba macho. Yeye alidhani ameulizwa kama simu ilikuwa mfukoni mwake. Alichoulizwa ni kama anakubali kosa.

Bahati, hakimu hakuandika na kupita. Akainua kichwa: “Lakini nini?” “Lakini sikujua ni ya wizi. Niliinunua.” Hakimu akaandika: anakana shtaka.

Hiyo haikuwa huruma, ni utaratibu. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambao mahakama za Tanzania na Kenya huurejea mpaka leo, mshtakiwa anapaswa kuelezwa kila kiungo cha kosa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya kina ya tukio na aulizwe tena kama anayakubali. “Ni kweli” yenye “lakini” mkiani, ikiwa hiyo lakini inagusa kiini cha kosa, si kukiri. Ubaya ni kwamba aliyekiri sawasawa mlango wa rufaa unabaki ufa mdogo: kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, si hatia, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini. Kama kuna hata chembe usiyoikubali kwenye shtaka, jibu ni “si kweli.” Hudanganyi ukisema hivyo, unaiambia Jamhuri ibebe gunia lake.

Kuna wakati huulizwi kabisa. Aprili 2025, Tundu Lissu alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa shtaka la uhaini, kijiweni kwetu watu walibishana: mbona hakuambiwa ajibu? Sababu ni kwamba uhaini, kama mauaji, husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya chini inalisoma shtaka lakini haina mamlaka ya kupokea jibu lake. Ni kama mapokezi ya hospitali: wanaandika jina lako, hawakupasui.

“Upelelezi haujakamilika”

Sentensi hiyo kila aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yale anaijua kwa moyo. Siku ya kesi kutajwa hakuna shahidi. Ni kupangiwa tarehe nyingine. Siku ya kusikilizwa ndipo mashahidi wanapoanza. Katikati kuna siku ya hoja za awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa huwekwa kando: jina lako, siku uliyokamatwa, kwamba simu ilikutwa kwako. Sikiliza kwa makini, kwa sababu ulichokikubali hapo Jamhuri haihitaji tena kukiletea shahidi.

Na hapa niguse neno ambalo hata magazeti hulikosea. Kesi ikiondolewa na DPP, mshtakiwa anaachiwa, lakini haachiwi huru kwa maana ya kisheria. DPP ana mamlaka ya kusema hana nia ya kuendelea, kama alivyofanya kwa Mbowe na wenzake Machi 4, 2022, na hatua hiyo peke yake haizuii shtaka kufunguliwa upya. Kuachiwa huru ni pale mahakama inaposikiliza na kuamua kwamba hatia haikuthibitika. Hapo huwezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Ndiyo sababu unaona mtu anatoka kizimbani anakumbatiwa na mkewe, na kabla hajafika getini amekamatwa tena. Familia hulia uonevu. Wakati mwingine ni uonevu kweli. Wakati mwingine ni tofauti ya “kuachiwa” na “kuachiwa huru”.

“Una swali kwa shahidi?”

Nikiulizwa ni wapi watu wasio na wakili wanapoteza kesi, nitasema hapa. Shahidi wa Jamhuri amemaliza. Hakimu anamgeukia mshtakiwa: una swali? Anayejibu “sina” amepoteza zaidi ya anavyojua, kwa sababu jambo zito ambalo hukulihoji mahakama inaweza kulichukulia kuwa umelikubali. Na anayejibu kwa hasira, “Huyu anasema uongo, mimi siku hiyo nilikuwa…” anakatizwa: uliza swali, maelezo yako utayatoa wakati wako. Anachanganyikiwa, anakaa.

Tulimfundisha kijana kugeuza kila lalamiko liwe swali. Badala ya “sikujua ni ya wizi”, muulize mpelelezi: nilipokamatwa, simu nilikuwa nimeificha au naitumia? Laini iliyokuwemo imesajiliwa kwa jina la nani? Nilikutajia aliyeniuzia? Ulimtafuta? Maswali manne, majibu yote yako mdomoni mwa shahidi wa Jamhuri mwenyewe. Unaitumia. Kwa jina lako. Ulinitajia. Hapo kwenye la nne mpelelezi alinyamaza kidogo, kisha akasema hakumtafuta.

Kesi haihesabiwi kwa idadi ya mashahidi, ingawa watu hudai ni lazima wawe wawili. Shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Wala hakuna kanuni kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hakuna kesi ya ubakaji au ya kupigwa. Maneno ya aliyetendewa yanaweza kutosha mahakama ikiyaamini.

Jamhuri ikifunga ushahidi wake, mahakama inaamua kama una kesi ya kujibu. Ukiambiwa huna, unaachiwa huru hapo hapo. Ukiambiwa unayo, si kwamba umepatikana na hatia. Ni kwamba gunia limefika mlangoni na sasa unasikilizwa. Unaweza kujitetea na kuita mashahidi, na unaweza kunyamaza. Lakini ukinyamaza hatua hii, sheria yetu inairuhusu mahakama kukitafsiri kimya chako vibaya. Ndiyo bei niliyoitaja.

Utetezi wenyewe

Utetezi unaosikika zaidi ni “si mimi.” Hasa kwa matukio ya usiku. Katika uamuzi wake wa mwaka 1980 Mahakama ya Rufani iliweka maswali ambayo mahakimu wanayauliza hadi leo: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, palikuwa na mwanga gani, na alimfahamu kabla? Kusema “palikuwa na taa” hakutoshi. Taa ya aina gani, ilining’inia wapi, ilimulika uso au mgongo? Nimewahi kumsikiliza shahidi aliyesema alimtambua mtu kwa mwanga wa tochi. Tochi aliishika nani? Mwizi. Basi ilimmulika nani? Shahidi. Chumba kizima kikacheka, hakimu akaandika.

Ndugu yake ni “sikuwepo.” Hapa kuna mtego wa muda: unapaswa kutoa taarifa mapema kwamba utautumia utetezi huo, kabla kesi haijaanza kusikilizwa au angalau kabla Jamhuri haijafunga ushahidi wake. Ukiuibua siku ya mwisho mahakama inaweza kuupuuza. Hulazimiki kuuthibitisha kama unavyothibitisha deni. Inatosha utie shaka. Lakini tiketi ya basi la Morogoro, ujumbe wa muamala na mtu uliyelala kwake vina uzito kuliko kuapa kwa jina la Mungu mara saba.

Halafu kuna utetezi wa “ndiyo nilifanya, ila.” Kujihami kunakubalika, kwa nguvu inayolingana na hatari, na hatari ikiisha na ruhusa inaisha. Mwizi aliyeangusha panga na kukimbia si mtu unayejihami naye tena. Wanaomkimbiza na kumpiga mpaka afe wanajibu mauaji, hata wakiwa mtaa mzima. Kukasirishwa ghafla hakumtoi mtu; kunaweza kushusha kosa la kuua kwa kukusudia likawa kuua bila kukusudia. Ulevi ndio watu huutegemea zaidi na ndio huwaangusha zaidi: uliyekunywa kwa hiari yako, pombe si kinga, ingawa mahakama inaweza kuuangalia inapopima kama ulikuwa na kusudio. Ugonjwa wa akili nao haukupeleki moja kwa moja nyumbani. Unaweza kukupeleka Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, chini ya uangalizi.

Upo mmoja ambao watu hawaujui na huwahusu sana: kuchukua kitu ukiamini kwa dhati kuwa ni haki yako. Umeacha cherehani yako kwa fundi, anakuzungusha miezi, siku moja unaingia unaibeba. Fundi anakushtaki kwa wizi. Ukiamini kwa nia njema kwamba cherehani ni yako na hukuwa na nia ya kuiba, hiyo ni kinga, hata kama imani yako ina makosa. Mahakama nyingi zimeambiana: mgogoro wa nani mwenye mali uamuliwe kwanza kwenye madai. Kutokujua sheria, kwa upande mwingine, si utetezi. Kutokujua ukweli wa jambo unaweza kuwa. Ndipo kijana wetu alipokuwa amesimama.

Akiwa na kesi ya kujibu, alijitetea kwa dakika kumi. Bei ilikuwa mwiba wake. Mwendesha mashtaka alimbana nayo sana, kwamba simu ya aina ile kwa 150,000 ilipaswa kumshtua. Akasema ilikuwa imepasuka kioo, na mwenye simu alikuwa ameshalikiri hilo alipokuwa shahidi. Akatoa ujumbe wa muamala wenye jina la aliyemuuzia. Mtu anayenunua mali ya wizi akijua, nadhani hakimu alijiuliza, analipaje kwa njia inayoacha jina? Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Shaka ilikuwepo, na faida yake ilikwenda kwa mshtakiwa.

Ingekuwa kinyume, tungekuwa na siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu na siku 45 za kuwasilisha sababu zenyewe, muda wa kusubiri nakala ukiwa hauhesabiwi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Wengi huzipoteza siku hizi wakimtafuta wakili, ilhali taarifa ya rufaa inaweza kutolewa hata kupitia ofisi ya gereza. Wasio na uwezo wana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ya kushika, na wenye kesi za mauaji hupewa wakili kwa gharama ya Serikali.

Tulipotoka nje, mama yake kijana alinishika mkono. Hakuwa na swali kuhusu Jamhuri wala shaka. “Na ile laki na nusu, mwanangu, nani anairudisha?” Simu ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, kama ilivyopasa. Aliyeiuza alikuwa hajulikani alipo. “Ile, mama,” nikamwambia, “ni kesi ya madai.” Akaniangalia muda mrefu. Akauliza kesi ya madai inaanzia dirisha gani.